Joto Alilolipata Bibi

Mpakani walinipitisha mbele ya kamera inayopima homa. Kwenye skrini niliona joto la mwili wangu, jekundu na njano, kitu ambacho macho hayaoni. Nikamkumbuka bibi yangu, aliyekuwa kipofu.

Asubuhi moja ya mvua mbuzi wetu alizaa migombani. Tulimkuta mtoto wake amelowa, hatikisiki. Baba akachukua jembe akamzike.

“Mleteni kwanza,” bibi aliita kutoka jikoni.

Nikamlaza mapajani mwake. Viganja vyake vilivyonuka moshi vilipapasa shingo, tumbo, vikatulia kwapani.

“Huyu yupo.”

“Mama, ameshapoa,” baba alisema.

“Hapa hajapoa. Mjukuu wangu, hebu weka mkono.”

Niliweka. Sikuhisi joto lolote, lakini nilijibu, “Ndiyo, bibi,” kwa jinsi nilivyotaka awe hai.

Akamfunga kifuani kwa kitenge, akasogea karibu na mafiga, akawa anamsugua huku akimwimbia kwa Kihangaza. Baba alisubiri mlangoni. Maharage yalipokaribia kuiva, kitenge kikaanza kuchezacheza, na bibi akacheka mpaka akakohoa.

“Mleteni mama yake upesi,” alisema, “ananinyonya kidole!”