Mgeni Rasmi wa Mechi ya Mwisho

Niliongoza timu ya taifa ya mpira wa pete miaka ile ya Ujamaa, na nikiulizwa mpinzani gani alinisumbua kuliko wote, simtaji Mkenya wala Mganda. Namtaja mgeni rasmi.

Msiocheza hamjui. Kwetu mechi haianzi mpaka mgeni rasmi afike, akague timu, ahutubie. Na akifika asiwakute mmejipanga, ni aibu ya taifa zima. Kwa hiyo mnajipanga mapema na kumsubiri mmesimama, naye anajua mnamsubiri, ndiyo maana hana haraka.

Siku ninayoisema ilikuwa mechi yangu ya mwisho. Nilikuwa naolewa, mchumba kapangiwa kazi Tabora, na unahodha ulishapata mwenyewe mwingine. Mama yangu alikuwa akiuza nazi sokoni Kariakoo, mwanamke wa Lindi asiyependa mambo ya wasichana kukimbia na visketi hadharani. Hakuwahi kuja kunitazama hata mara moja. Safari hii nilimbembeleza mpaka akachoka mwenyewe. Akasema atakuja, lakini magharibi imkute nyumbani, hawezi kukosa swala kwa sababu ya mpira. Nikaona muda upo tele: mechi saa kumi, na kutoka Mnazi Mmoja hadi kwetu si mbali.

Tulikuwa tumeshajipanga mama alipofika. Alivaa kanga mpya, akatandika mkeka pembeni ya uwanja, mbele kabisa, kila mtu amwone. Nilifurahi mpaka nikashindwa kuficha meno.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja nayo ikapita. Jua linachoma, kukaa ni marufuku. Nahodha wa Kenya akaninong'oneza, "Dada, kwani hapa kwenu mpira huchezwa ama husubiriwa?" Nikamfuata katibu wetu.

"Mzee, si tuanze tu? Atatukuta tunacheza."

Akanitazama utadhani nimemtukana mzazi wake. "Wewe dada, unataka nifukuzwe kazi? Rudi kwenye mstari!"

Nikarudi, nimevimba kwa hasira. Mama alikuwa ameanza kuangalia jua.

Mgeni akaja hatimaye, akashuka garini anajifuta midomo kwa leso. Kumbe alikuwa anakula! Akatupa mkono mmoja mmoja, mimi pembeni yake namtajia majina na kutabasamu kwa lazima. Kisha hotuba. Kujitegemea. Ujenzi wa taifa. Mwanamke asiachwe nyuma. Na mwanamke niliyemtaka mimi alikuwa anakunja mkeka. Akanipungia mkono, akajitanda kanga yake, akashika njia ya Kariakoo. Nusura nilie mbele ya mheshimiwa, naye angedhani hotuba imenigusa.

Filimbi ikalia akiwa ameshapotea machoni. Tulicheza nusu ya mechi, gizagiza limeingia, tukashinda kwa bao moja ambalo nadhani hata mwamuzi hakuliona vizuri. Watu wakanibeba juujuu. Nikawaambia waniteremshe.

Nyumbani nilimkuta mama uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, anawasimulia majirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu hapa mwenyewe! Wenzie wanajikuna, wanachuchumaa, wengine wanaegemeana. Yeye wima, kimya, mpaka mkubwa kaja. Nimekuona, mwanangu. Umesimama vizuri sana."

Uvumilivu ukanishinda. Nikampandishia mama yangu sauti mbele za watu. "Mama, kule si kucheza! Kucheza tumeanza ulipoondoka. Na sichezi tena, basi, imekwisha!"

Majirani wakatazama chini. Mama hakukasirika. Aligeuza kifuu mkononi, akaendelea kukuna.

"Kwani mimi sijui kwamba kule si kucheza? Miaka yote nimekataa, leo nimekuja. Sasa nikusifie nini, mwanangu, na hicho ndicho walichonionyesha?"