Nusu ya Ndevu za Daktari

Kinyozi wetu tulimwita Hariri kwa ulaini wa mkono wake, mpaka mkono huo ulipoanza kutetemeka. Ugonjwa ulikuwa kichwani, katika seli za ubongo zinazoongoza miendo, lakini mteja haoni ubongo, anaona wembe. Wateja wakapungua. Hata shemeji yake, muuza vipuri wa mlango wa pili, alikuja kupiga soga tu, nywele zimemfunika masikio.

"Kaa kitini basi, shemeji."

"Nikitaka kuchinjwa nitakwenda buchani. Huko angalau wana mizani."

Ndipo hospitali ikatangaza majaribio ya tiba mpya. Kirusi kilichoondolewa makali kingebeba jeni hadi ndani ya ubongo, ili seli zijitengenezee kile zilichopungukiwa. Wagonjwa walielezwa wazi: nusu yao wangepewa dawa, nusu wangetobolewa fuvu kidogo tu bila kutiwa kitu, kwa ajili ya kulinganisha. Hata daktari wa kuwapima mikono asingejua nani kapata nini. Hariri alikubali. Bila mkono ule, kiti chake kilikuwa samani tu.

Alirudi na plasta mbili kichwani. Shemeji akasogea mlangoni.

"Una virusi? Usinipumulie."

"Kirusi hiki ni tarishi tu, bwana. Kanyang'anywa silaha kabla ya kuingia."

"Tarishi naye hupiga chafya."

Ajabu, mkono ukatulia! Wateja wakarudi, isipokuwa shemeji. Daktari yule wa kupima mikono naye akawa anakuja kila Ijumaa kunyolewa hadharani, kidevu juu kama anayepigwa picha.

"Sayansi haiogopi wembe," aliwaambia waliokuwa wakisubiri zamu.

Ijumaa moja alikuja kimya. Asubuhi hiyo siri ya nani kapata nini ilikuwa imefunguliwa. Hariri alimpaka povu, akamnyoa shavu la kushoto hadi likang'aa.

"Hariri, nina jambo."

"Sema, daktari. Mdomo bado sijaufikia."

"Wewe hukupewa kirusi. Ulikuwa katika nusu ile nyingine."

Wembe ukasimama hewani. Kisha mkono ukakumbuka: mtetemeko ukaanzia kidole gumba, ukapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Lakini hizi wiki zote umeninyoa vizuri sana," daktari aliharakisha kusema.

"Basi geuza shavu la pili."

Daktari aliutazama wembe. Alijivua mwenyewe shuka la kunyolea, akainuka na povu lake.

"Nyie mliokosa mtapewa dawa ya kweli. Kamati itakaa..."

"Daktari!" shemeji alimwita kutoka kwenye benchi la mlangoni. "Sayansi imeona nini tena?"

Mtaa mzima ulimwona akivuka barabara, shavu moja la bwana harusi, jingine la mfungwa. Wateja nao wakakumbuka shughuli zao. Hariri aliuweka wembe mezani, akaukalia mkono wake.

Shemeji akainuka kwenye benchi.

"Kwa hiyo huna virusi?"

"Sina."

"Kumbe nimefuga msitu bure!" Akakaa kitini, akajifunga shuka. "Chukua mashine, anza na kisogo. Koo lisubiri kamati."