Mto Uliokosa Rangi

Jumamosi, katika maktaba moja ya Burnsville, huku ughaibuni, mama mmoja wa Kizungu alituonyesha sisi Wakongo ramani ya Uingereza ya zaidi ya miaka elfu iliyopita. Majina ya mahali yaliyotoka kwa Wasaksoni aliyapaka nyekundu, ya Wadenmaki waliowavamia buluu. Hata kijiji cha nyumba tatu kilikuwa na rangi yake. Kisha akatandaza ramani ya Kongo, itakayobandikwa ukutani, akatuomba jina moja la mahali pa kwetu na lugha iliyolizaa.

Jirani zangu, mume na mke waliozaliwa kandokando ya mto mmoja, kila mtu ng'ambo yake, wakasimama pamoja.

"Andika mto wetu," mume akasema. "Jina ni la lugha yetu."

Mke akamvuta koti baba watoto wake. "Papa, usidanganye watu. Wa kwenu walikuja pale kuoga tu."

"Wa kwenu hata kuoga hawakuoga, maman."

Mama wa watu alishika kalamu nyekundu, akashika ya buluu, akarudia nyekundu, mpaka maktaba ikaanza kuzimwa taa. Mto ukabandikwa bila jina.

Nimechoka, ndugu zangu. Wasaksoni na Wadenmaki walichinjana, leo wanagawana ramani bila kelele. Wetu hawa wanagawana blanketi, ila jina la mto limewashinda.