Dumu la Zamzam Njia ya Mkwaja

Siku ya kwanza niliyoripoti kwenye karakana ya shamba la mkonge, upande wa Muheza, nilivaa suruali yenye mstari wa pasi na nilitegemea kupewa ufunguo wa gari. Fundi Mkuu alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akacheka kidogo, akanikabidhi ndoo. Niliambiwa nichote maji mpaka pipa lililokuwa nyuma ya karakana lijae. Kufika mchana suruali imelowa hadi magotini na ule mstari wa pasi umeshakwenda zake.

"Wewe unataka udereva," aliniambia wakati wa kula. "Sikiliza, bwana mdogo. Mafuta yakikuishia njiani watu watakucheka, basi, yamekwisha. Maji yakikuishia umeua injini. Na hapa shambani injini ina heshima kuliko mimi na wewe."

Nawaandikia haya vijana mnaoendesha magari ambayo yakipata joto yanawasha taa na kulia yenyewe. Sisi tulikuwa na sindano moja tu kwenye geji ya joto, nayo mara nyingi imekufa. Basi tulisikiliza na kunusa. Maji huzunguka tumboni mwa injini yakabeba joto, yakaja mbele kwenye rejeta, lile pazia la vijibomba vyembamba, feni ikayapuliza, yakapoa, yakarudi kazini. Yakipungua, gari hutoa harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Fundi Mkuu alikuwa akiinusa harufu hiyo kabla gari halijaingia getini, akatoka nje ameshika kiuno, na dereva anayekuja ajijue.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: gari likichemka, usiguse kifuniko cha rejeta. Maji ya mle ndani yamebanwa, na ukiyafungulia yatakurukia usoni. Zima, fungua boneti, kaa kivulini. "Kaa kama uliyekuja kutembea," alikuwa akisema. Mimi kijana nilidhani ananitania. Baadaye sana nilielewa kwamba alikuwa ananifundisha kusubiri, kazi ambayo nimeifanya maisha yangu yote na ambayo naipenda hadi leo. Nimesubiri katikati ya mistari ya mkonge isiyo na mwisho, joto likipanda kutoka ardhini mpaka mimea yenyewe inaonekana kucheza, na sijui kama nililala au la.

Kutoka shambani nilihamia idara ya barabara mjini Tanga, nikamwendesha Bwana Mhandisi. Alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu mpole asiyemaliza sentensi. Tulikuwa tukipanda milima ya Amani yeye akivuma nyimbo za kanisani puani, ukungu ukiingia dirishani kama moshi wa kuni mbichi. Siku moja gari likaanza kuchemka kwenye kona kali, nami nikataka kusimama. Bila kufungua macho akasema, "Washa hita."

"Hita, mzee?"

"Hita nayo ni rejeta. Ndogo tu. Inatoa joto la injini, inalileta kwetu. Sisi tutavumilia, lakini injini..."

Hakumaliza. Tuliupanda ule mlima hita ikitupulizia miguuni, tunatokwa jasho kwenye baridi ya Amani, na sindano ikarudi chini. Ujanja huo nilipewa na Bwana Mhandisi, namshukuru popote alipo.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwa Tajiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani. Watu wa asili ya Kihindi, Waislamu, wamekaa Tanga vizazi na vizazi, na Kiswahili chao kinanishinda mimi Mbondei. Tajiri alikuwa na gari zuri jipya, na alikuwa na la zamani, la fowili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Rangi yake ilikuwa ya kijani zamani za kale. Kila mwaka aliahidi kuliuza na kila mwaka alilinunulia matairi.

Nyumba hiyo ilikuwa na mama mmoja, Bi Mwanakombo, tukimwita Bi Mkubwa. Ndiye aliyemlea Tajiri tangu mchanga, akawalea na watoto wake. Tajiri alikuwa na fedha na ndevu nyeupe, lakini kila asubuhi alipita chumbani kwake kusema shikamoo kabla ya kufungua duka. Alimpeleka Hija, na Bi Mkubwa akarudi na dumu la maji ya Zamzam, akaliweka chini ya kitanda. Sisi wengine tuliogawiwa tende tulishukuru kwa tende. Lile dumu halikufunguliwa.

Asubuhi moja ya kiangazi simu ikaja kutoka Mkwaja, kusini huko ng'ambo ya mto Pangani. Mdogo wake Bi Mkubwa wa tumbo moja, Bi Mishi, amefariki alfajiri. Maziko ni baada ya swala ya alasiri.

Mimi ni mtoto wa misheni, lakini nimekaa na Waislamu vya kutosha kujua maana yake. Kwa desturi ya kwao wanawake hawafuati jeneza makaburini. Wanamuaga maiti ndani ya nyumba, anafunuliwa uso, wanamtazama kwa mara ya mwisho. Jeneza likishapita mlangoni, limepita. Bi Mkubwa asipofika kabla ya hapo, hatamwona tena mdogo wake.

Tajiri alinishika bega. "Hoza, lile gari jipya lipo Dar. Limebaki hili bibi kizee."

"Litafika, Tajiri, Mungu akipenda."

"Likifika, vizuri. Lisipofika, mbebe Bi Mkubwa mgongoni. Lakini yeye afike."

Bi Mkubwa alitoka na buibui lake na kijikapu, na mpishi wa nyumbani nyuma yake amebeba lile dumu. Akalipokea, akalipakata mapajani mwake kama mtoto, na hakukubali niliweke nyuma.

Tuliteremka njia ya Pangani, tukaipita Tongoni. Bi Mkubwa hakulia. Aliongea, nusu akiniambia mimi na nusu akijiambia mwenyewe, macho ameyafumba.

"Mishi alikuwa hakubali kusukwa ila na mimi. Mama akimshika kichwa, yowe. Nikimshika mimi, alala." Tukapita minazi mingi. "Nilipokwenda Maka aliniambia, dada, niletee maji yangu. Nitakapokufa ninyunyiziwe sandani. Nikamwambia, we mdogo, utaninyunyizia wewe. Akacheka mpaka akaketi chini."

Basi nikajua dumu lile ni la nani. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua, gari linanguruma kwa sauti yake nzito ya zamani, na harufu ya marashi kutoka kijikapuni ilijaa pale mbele. Kuna nyakati nilihisi kama hatuendi popote, kwamba miti ndiyo inayotujia na kutupita. Tukavuka Pangani kwa kivuko, maji ya mto yanakwenda polepole kuifuata bahari, na ng'ambo ya pili tukaingia njia ya vumbi.

Hapo ndipo sindano ilipoanza kupanda. Nikawasha hita.

"Sasa wataka kutupika?" Bi Mkubwa akauliza.

"Naipunguzia injini homa, Bi Mkubwa."

"Basi pika. Mie nimekwisha kuiva zamani."

Nilisimama mara moja kwenye kivuli, nikasubiri, nikaitilia rejeta maji yote ya akiba ambayo siku zote natembea nayo. Tukaendelea. Hatukwenda mbali sana, mlipuko mdogo, puu, mvuke ukafunika kioo. Nikazima, nikaliacha gari lijiburure lenyewe hadi pembeni. Bomba la mpira linalotoa maji kwenye injini kuyaleta kwenye rejeta lilikuwa limepasuka mwishoni, pale penye kibano. Kupasuka kwake si msiba, unakata kile kipande kibovu, unalirudisha, unakaza kibano. Nilifanya hivyo huku vidole vinaungua. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika yote mchangani, na mchanga wa kiangazi ukayanywa mbele ya macho yangu.

Pale hapakuwa na nyumba. Kijito tulichokivuka nyuma kilikuwa mawe matupu. Akapita mtu wa pikipiki amebeba magunia ya mkaa, nikamsimamisha.

"Maji yapo kijiji cha mbele, mzee. Niutue mkaa, nikuchotee, nirudi... alasiri itakuwa imekwisha kuadhiniwa." Akamtazama Bi Mkubwa na miguu yake iliyovimba, akajua hata pikipiki yenyewe hawezi kuipanda. "Poleni sana," akasema, na alikuwa na huzuni ya kweli.

Simu ya Bi Mkubwa ikaita. Ni Salimu, mtoto wa marehemu. Aliiweka sauti juu kwa sababu masikio yalikuwa mazito.

"Mama mkubwa, mmefika wapi?"

"Twaja, mwanangu. Gari lapumzika."

"Wazee wamesema wakitoka msikitini tu wanambeba. Nimewaomba wangoje, wamesema maiti hacheleweshwi. Nami siwezi kuwapinga, mama mkubwa."

"Usiwapinge. Wasema haki."

Akaikata simu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na mikono myeusi. Nililiona dumu pale mapajani mwake na nikageuza uso. Naapa sikulitamka. Fundi Mkuu angekuwepo naye asingelitamka.

Ndege hawakulia, hewa ilikuwa imesimama. Bi Mkubwa aliupitisha mkono juu ya dumu, taratibu, kama anayetafuta mahali pa kuanzia kusuka. Halafu akasema, "Injini imepoa?"

"Imepoa, Bi Mkubwa."

"Basi tia haya."

"Bi Mkubwa, haya ni ya..."

"Nayajua ni ya nani. Aliniomba maji, nimemwekea miaka. Akiyapata maji asinipate mie, atanicheka huko aliko. Tia, mwanangu. Sema jina la Mungu utie."

Nikasema jina la Mungu kwa namna ya kwetu, yeye akasema bismillahi kwa namna ya kwao. Nikafungua kifuniko cha dumu. Nimejaza rejeta maisha yangu yote, na siku ile nilishika dumu kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Nilimimina kidogo kidogo ili tone lisidondoke nje. Halikudondoka. Maji hayakutosha kujaza, lakini yalitosha kuzunguka. Nikalegeza kifuniko cha rejeta nusu ili maji yasibanwe na kulipasua tena lile bomba, nikawasha gari, nikawasha hita, nikaenda kwa gia kubwa na mguu mwepesi, kila mteremko nikiliacha lishuke kwa uzito wake. Sikuitazama saa. Nilitazama sindano, na Bi Mkubwa alitazama njia.

Ile ndiyo safari yangu ya mwisho ndefu. Baada yake Tajiri alinipumzisha kwa heshima, akaniaga kwa pilau, na sasa nakaa Chumbageni na mke wangu. Vijana wa gereji huja barazani kuniuliza mambo ya magari ya zamani, kwa sababu bado yapo na bado yanachemka. Nawaambia yale ya Fundi Mkuu na yale ya Bwana Mhandisi: maji, hita, subira. Sijutii kazi hii. Haikunitajirisha, imenipa mgongo mbovu na sikio moja lisilosikia vizuri, lakini imenipitisha milango ya watu wengi katika siku zao kubwa, na hilo nalihesabu kuwa bahati. Wakiniuliza safari ipi ninayoikumbuka, nawasimulia hii, na kila mara nakatisha pale tulipowasha gari, nasema tulifika, basi. Mwisho wake sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mke wangu.

Tulifika Mkwaja watu wameshatoka msikitini. Jeneza lilikuwa bado sebuleni, wanaume wamejaa uani wanavua viatu ili wakalibebe. Salimu alikuja mbio. Hakusalimia, alimshika mama yake mkubwa mkono mmoja, mimi mwingine, tukamfikisha mlangoni, na wanawake wakampokea. Mzee mmoja wa msikiti aliinua mkono, akawaambia wenzake, "Mpisheni dada yake." Wanaume wakasogea pembeni.

Mimi nilirudi garini. Nilikuwa nimelisimamisha karibu na ukuta, chini ya dirisha la sebule, na dirisha lilikuwa na pazia tu. Sikukusudia kusikiliza. Nilisikia wanawake wakisogea, nguo ikifunuliwa.

"Mishi," Bi Mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto. "Mishi, nimekuja mikono mitupu. Maji yako nimeyanywesha gari. Ndiyo yaliyonileta."

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kidogo cha kumtania mtu aliyelala, na katikati ya kicheko kile ndipo kilio kikamjia, kilio alichokizuia tangu Ngamiani. Nami niliegemea gari, mtu mzima, mbele ya wanaume wote wa Mkwaja, nikalia naye.