Kitufe cha Dada

Shemeji yangu ni fundi redio, mkimya hadi wateja wamempachika jina la Bubu. Dada, mkewe, alipopata kiharusi, sauti ikakatika na mwili mzima ukagoma, kikabaki kumtii kidole gumba cha kulia tu. Bubu akatoa stoo kompyuta kuukuu na kijiti chake cha kuchezea michezo, kile chenye kitufe juu. Nikamwambia huyu ni mgonjwa, si mtoto wa kuchezeshwa.

Alitia pamba masikioni, akashinda anaandika programu kwa lugha ya BASIC. Alinieleza kwamba lugha hiyo inajua kukivizia kitufe: kompyuta inaendelea na shughuli zake, kitufe kikibonyezwa inaziacha, inafanya ulichoiagiza, kisha inarudi ilipoishia. Yeye aliiagiza ipige kengele, isikike hadi dukani kwake, mlango wa pili.

Ilifanya kazi, sina ubishi. Tabu ilikuwa wakati wa kumgeuza na kumwosha: gumba linagusa kitufe, kengele inatupasua masikio. Bubu akaongeza amri mbili. Ukibofya Z kwenye kibodi, kitufe kinazimwa kwa neno OFF. Ukibofya W, kinawashwa. Lilikuwepo neno jingine, STOP. Hilo nalo hunyamazisha, ila hukumbuka: kitufe kikibonyezwa wakati huo, kengele hulia ukishawasha. Alilikataa. Hakutaka kelele za bahati mbaya zimrudie.

Alasiri moja alikuwa amemaliza kumwosha dada na kumbadilishia shuka, mteja akaita dukani. Akatoka bila kubofya W. Aliporudi dada alikuwa ameshatutoka, gumba juu ya kitufe, mahali lilipokaa siku zote. Bubu akabofya W. Kengele haikulia.

Baada ya mazishi nilimkuta mbele ya ile kompyuta. Sikuwa na chozi, moyo umekufa ganzi, na yeye naona vilevile. Alikuwa amefuta OFF, ameandika STOP. Akabofya Z, akabonyeza kitufe, akabofya W. Kengele ikalia chumba kizima, hakuna aliyeshtuka.

"Labda hakuita, shemeji," nikamwambia.

"Labda," akasema. "Ningeandika hivi tangu mwanzo, leo ningejua."