Mtoto Asiyeitika

Utotoni nilikuwa nalisikia jina langu kwa kuchelewa. Mtu aliita, sauti ikafika, ikasubiri mlangoni, na mimi nilikuwa ndani nashughulika na jambo jingine: sisimizi wanaoburuta bawa la kumbikumbi, moshi unaojikunja kabla ya kupenya kwenye nyasi za paa, chochote. Nilipokuja kufungua, aliyeniita alikuwa amekwisha kufika na fimbo.

Tulikaa Mnyambe, Newala, juu kwenye uwanda, ambako watu wako juu na maji yako bondeni. Mtoto wa kike mwenye akili zake alishuka na ndoo tupu akapanda na ndoo ya maji. Mimi nilishuka na ndoo nikapanda na maua. Nikitumwa chumvi nilirudi na habari. Chungu cha kunde nilikiunguza nikiwa nimekaa mbele yake, macho yamekikazia, na harufu ya kuungua naisikia kabisa, ila sikuiunganisha na kazi niliyopewa. Halafu siku nyingine nilikaa na sindano na vipande vya vitambaa tangu asubuhi hadi jua linageuka, sikula, sikukojoa, sikumsikia mtu. Hilo la pili ndilo lililowatisha watu. Mtoto mtukutu kila mtu anamjua. Mtoto anayekaa kimya, amefumbua macho, unamwita na haitiki, huyo ni jambo jingine.

Mama alikuwa na dawa yake. Tukitoka naye safari ya mguu, alinipa pindo la kanga yake nilishike. Nikianza kuzubaa alilivuta kidogo, bila kugeuka na bila kunigombeza, nami narudi njiani. Nimesoma na kusikia ushauri mwingi tangu siku hizo, na sijaona ulioushinda huo.

Niseme na habari ya jina, maana bila hiyo mambo hayataeleweka. Nilipewa jina la bibi, mama yake baba. Kwetu mke hamtaji mama mkwe wake kwa jina, hata kama jina hilo ni la mwanawe mwenyewe. Kwa hiyo mama aliniita Mkwe, kwa utani, na kijiji kizima kikafuata. Bibi mwenyewe aliniita Somo. Jina langu lenyewe lilitumika shuleni tu, mara nyingi kabla ya viboko. Na bibi hakuitwa jina hilo popote. Aliitwa mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, tangu enzi ambazo hata baba yangu hazijui.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Wanunuzi binafsi walianza kuingia na malori yao kutafuta korosho, na watu waliokuwa wameyasusa mashamba ya zamani tangu walipohamishiwa vijijini wakayakumbuka ghafla, kila mmoja na panga lake. Baba akaenda Masasi kupakia magunia kwa mnunuzi mmoja, akawa anakuja na kuondoka. Waliobaki walifyeka hadi viganja vikachubuka, kwa sababu chini ya mkorosho lazima pawe peupe ili korosho ikidondoka ionekane. Shamba la bibi, upande wa kuelekea Chilangala, halikuhitaji kufyekwa. Lilikuwa safi, na lilikuwa safi miaka yote, ila zamani hakuna aliyelitazama.

Sasa wakalitazama. Mwanamke mzee, mjane, hana kibarua. Nani anamlimia?

Kusini swali hilo halina haja ya kufafanuliwa. Kuna ndondocha: mtu aliyechukuliwa kichawi, analimishwa shamba la mchawi wake usiku, asubuhi anaamka hoi. Akichukuliwa moja kwa moja, nyumbani kinabaki kitu chenye sura yake, gogo la mgomba lililovikwa ngozi. Kinakula, kinalala, kinatembea, lakini ukikiita hakiitiki, maana mwenye jina hayupo.

Mnaona hesabu ilivyojifunga. Bibi ana shamba safi. Bibi ana mjukuu mwenye jina lake. Mjukuu haitiki. Walikuwepo waliosema ni salfa tunayopulizia mikorosho imenipanda kichwani, na mwingine akasema ni banda la video la Newala mjini, ambalo sijawahi kulikanyaga. Lakini hayo yalisemwa kwa sauti ya kawaida. Lile la ndondocha lilisemwa kwa kunong'ona, na la kunong'onwa ndilo linaloaminiwa.

Mama akabadilika. Utani uliisha. Alianza kunitazama nikila, tonge kwa tonge, kama mtu anayemhesabia mgeni. Asubuhi kabla sijaamka vizuri aliinua miguu yangu akaangalia nyayo. Zilikuwa na udongo. Bila shaka zilikuwa na udongo! Nani huko kwetu alilala na miguu safi, na maji yako bondeni? Lakini yeye aliishusha miguu yangu taratibu akatoka nje. Na pindo la kanga hakunipa tena. Nilipotaka kulishika alilivuta mbele akalikunja mkononi. Hakuna kitu kilichoniuma katika utoto wangu kama kile.

Ukitazamwa hivyo siku baada ya siku unaanza kujitazama mwenyewe. Nilijifinya. Nilijichoma kwa mwiba wa mlimau nione kama itatoka damu au utomvu wa mgomba. Ilitoka damu. Nikafikiri labda mchawi fundi anajua kutengeneza na damu. Kisha nikaanza kuchoka asubuhi kweli, viganja vikawa vinauma kweli, na mchana nikiwa nimekaa tu nikaanza kukumbuka kulima. Nilikumbuka mpini, nilikumbuka mistari ya watu walioinama mbele yangu wasiogeuka. Sijui kumbukumbu hizo zilitoka wapi. Hadi leo ninazo, na mkono wangu unaujua ule mpini.

Mpango wenyewe niliusikia nikiwa nyuma ya jiko, nimetumwa kuni, nimesahau kuni. Jirani yetu alikuwa ametoka kwa mganga mmoja upande wa Chiwata, amemwakilisha mama.

"Umpeleke shambani kwa yule mzee saa sita kamili mchana, mwenyewe akiwa kapumzika," alisema. "Umwite kwa jina lake lenyewe, siyo hilo la utani. Mara moja tu. Akiitika hapo ulipo, ni wako."

"Asipoitika?"

"Sauti itatoka huko mikoroshoni. Basi wako yuko huko, na hilo ulilonalo siyo ntoto. Liache hapo hapo uondoke. Usigeuke nyuma, dada. Ukigeuka linakufuata nyumbani, na wako harudi tena."

Nilisikia mama anapepeta unga, halafu nikasikia ungo umesimama.

Niliogopa. Siyo bibi, wala ndondocha. Niliogopa kichwa changu. Duniani kulikuwa na watoto ambao kazi hiyo ni ndogo kwao, unaitwa unaitika, na nikapewa mimi.

Siku ya siku ilipofika, mama alinipaka mafuta, akanivalisha gauni la sikukuu, na hakunitazama usoni. Tulitoka jua likiwa karibu na utosi. Njia nzima nilifanya mazoezi kimoyomoyo: abee, abee, abee. Nilijiuma ulimi ili akili isitoke. Mama alikwenda mbele, pindo limekunjwa kifuani.

Katika mashamba ya wengine majani makavu ya mikorosho yalikuwa yanapasuka chini ya miguu yetu. Tulipoingia kwa bibi sauti ile ikakatika. Chini palifagiliwa pote, hakuna jani, hakuna kijiti, udongo mtupu na vivuli vyeusi vya mikorosho, na hatua zetu hazikusikika tena. Hata ndege hawakuwepo. Nilitazama nyuma nikaona nyayo zangu ndogo zinanifuata, nikashtuka, kisha nikakumbuka ni zangu. Abee, abee.

Mama akasimama. Na mimi nikasimama. Kwenye shina la mkorosho uliokuwa mbele yangu utomvu ulikuwa umetoka na kuganda, wa rangi ya chai, na ndani yake alikuwemo mdudu mwenye mabawa, mzima, kakunja mguu mmoja. Nikajiuliza alikuwa anakwenda wapi.

Mama akaita.

Niliisikia sauti ikifika mlangoni. Naapa niliisikia, na nilikuwa naigeukia, mdomo umeanza kufunguka, na kabla abee yangu haijatoka, kutoka nyuma ya mikorosho ikaja nyingine, nyembamba, nyepesi, sauti ya mtoto wa kike aliyefurahi kuitwa:

"Abeee!"

Yangu ilitoka baada ya hapo, ya mkwaruzo, na sidhani kama mama aliisikia. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kisha akageuka, siyo kwangu, akageukia njia, akaanza kuondoka. Nikauona mgongo wake unapita kwenye kivuli, unatoka juani, unaingia kwenye kivuli kingine.

Sikulia. Nilifikiri: kumbe ni kweli, mimi ni gogo. Nilijihisi mwepesi, na nilisikia aibu, kana kwamba nimekamatwa nimevaa nguo za mtu.

Ndipo matawi yakasogea, akatoka bibi na jembe mkononi. Hakuwa amepumzika. Hakuwahi kupumzika saa sita, kwa sababu hakuwa na habari kwamba ni saa sita. Alikuwa anahema, macho yamemtoka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwa mzee yeyote.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana adabu niliyofundishwa haikunitoka hata katika hali ile.

"Marahaba, Somo. Nani kaniita?"

"Mama."

Furaha ikamtoka usoni polepole. "Mama yako? Mimi nimemsikia mama yangu." Akaangalia huku na huku, mikorosho imetuzunguka. "Hakuna mwingine aliyeniita jina lile. Tangu amekufa hakuna. Nilikuwa nalima, nikasikia ananiita, nikaona nimechelewa, atanichapa."

Hakuniuliza zaidi. Alinipa jembe dogo, tukalima. Aliinama, na baada ya muda mfupi nikaona hayupo tena, jembe linakwenda lenyewe, juu, chini, juu, chini. Nilimwambia kitu hakusikia. Nikamwita, Bibi, Bibi, hakuitika. Nikamtazama ubavuni mwake, nikauona ule mlango nilioujua, umefungwa, na yeye yuko ndani. Woga wote ukaniisha. Siri ya shamba safi ilikuwa ni hiyo tu: mwanamke mmoja ambaye akianza jambo hawezi kuacha, na nyumbani kwake kila chungu kimeungua.

Jua liliposhuka alinirudisha, kanishika mkono. Mama alikuwa amekaa kizingitini, moto haujawashwa. Alipotuona alijikusanya.

"Mkwe," bibi alimwambia mama, "leo umeniita kwa jina langu. Nimeitika. Nimekuja."

Mama alitutazama, mimi, bibi, mimi, na nikaona anaelewa ni sauti ya nani aliyoisikia, na ni nani aliyemwacha. Alikuja kwa magoti akanishika miguu yenye udongo wa shamba, akaweka uso wake pale.

"Huyu hasikii," bibi akasema, kwa upole. "Na mimi nilikuwa sisikii. Mama yangu alinifunga uzi mkononi, akawa anauvuta." Akaaga, akaenda zake.

Jirani alipokuja kuuliza, mama alimwambia, "Ameitika." Kijiji kikasema nimepona, na bibi akaachwa na shamba lake. Na kweli tangu siku ile naitika. Akili yangu inatoka kama kawaida, ila nimeiacha abee mlangoni inalinda. Naitika usingizini. Kwenye foleni ya hospitali Masasi naitikia majina ya watu wengine, wananicheka, nami nacheka nao. Hawajui kwamba kila nikiitwa moyo unaruka, kwamba kwa miaka yote hiyo sijawahi kuitwa nikatulia. Hicho ndicho walichokiita kupona.

Nashona nguo Masasi, kazi inayonifaa, na nina binti ambaye ni mimi mtupu. Daktari aliponiuliza habari zake, anasahau? anaanza kitu hamalizi? anazama katika jambo hadi haisikii sauti?, nikawa najibu ndiyo, ndiyo, na nusu ya ndiyo zile hazikuwa za mtoto. Akasema hali hiyo ina jina lake, siyo ukaidi wala uchawi, na mara nyingi huenda kwa ukoo. Nilicheka hadi daktari akaweka kalamu chini.

Nikapanda Mnyambe kumweleza mama. Amezeeka, anakaa mkekani mchana kutwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kulisema.

"Siku ile nilikatazwa kugeuka. Sikukatazwa kusimama."

"Ulisimama?"

"Nilifika mkorosho wa mpakani nikasimama. Nililikunjua pindo nikalishusha nyuma, nimelishika hivi." Akapeleka mkono mgongoni kunionyesha. "Nikasema moyoni, mganga ana lake na mimi nina langu. Akiwa wangu atakuja alishike. Nilisimama mwanangu, nilisimama sana. Hukuja."

Nilijua nilikuwa wapi. Nilikuwa namtazama bibi, jembe lake linakwenda juu, linakwenda chini, na sikuinua macho kutazama njiani hata mara moja.

Nikasogea karibu yake, nikalitafuta pindo la kanga yake pale mkekani, nikalishika. Hatukuwa na safari ya kwenda popote. Baada ya muda nikasikia analivuta kidogo.