Saa ya Zahanati ya Siyu

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya afya ya Lamu, au Amu kama tuiitavyo wenyewe, Msimamizi wa Kompyuta alinikalisha mbele ya kioo cheusi chenye kistari kinachowaka na kuzima, akaniambia niandike amri. Nikamuuliza amri gani.

"Hiyo ndiyo kazi yako kujua," akasema. "Ukiiambia mashine ifute, itafuta. Haitakuuliza mara mbili. Basi jiulize wewe."

Nyinyi vijana mliozoea kugusa vijipicha hamkuujua mfumo endeshi wa zama zile. Mfumo endeshi ni ile programu inayoiamsha mashine na kuzigawia kazi programu nyingine, na wetu haukuwa na huruma. Ulikuachia kila kitu mkononi, hata cha kukuangamiza. Tuliupenda kwa sababu hiyo, na tulijiona sana. Aliyejua amri mbili tatu, Amu nzima ilimwita mhandisi.

Msimamizi alipoondoka tuliletewa Mkuu wa Mifumo, mtu wa bara, mpole, shati limepigwa pasi hata siku za joto kali. Karani mmoja wa Pate alikuwa amefuta mafaili ya ofisi nzima akidhani anaipunguzia mashine uzito, na Mkuu hakulisahau jambo hilo. Akaagiza mfumo mpya uliofungwa. Mtumiaji angeona vitufe vyake tu, na mipangilio yote, yaani saa, lugha na mtandao, ingekaa nyuma ya neno la siri tulilolijua mimi na yeye. Alisema mtumiaji ashikwe mkono, maana akiachiwa ataanguka. Sikumpinga. Yule karani alilia mbele yangu kama mtu aliyefiwa.

Sasa nije kwenye zahanati ya Siyu. Muuguzi wake, Bi Zainabu, alikuwa ameirudisha nyuma saa ya kompyuta kwa saa sita, ili saa mbili asubuhi isomeke mbili badala ya nane, kama anavyoitaja kila mama anayeleta mtoto pale. Mgeni angesema ni kosa. Lakini programu ya dawa ilihesabu sawasawa, kwa kuwa muda wa saa nane ni ule ule popote unapoanzia. Nilipoiona nilicheka, nikaiacha.

Mafundi wa Mkuu wakaweka mfumo mpya, na saa ikabaki vile vile kwa sababu Siyu haikuwa na mtandao. Asubuhi moja mtandao ukafika. Mfumo, kwa wema wake, ukajirekebishia saa bila kumuuliza mtu.

Asubuhi hiyo zahanati ilikuwa na mtoto wa kijiji cha Chundwa mwenye homa ya mapafu. Alikuwa akidungwa sindano kila baada ya saa nane, dawa kali ambayo ikizidi huharibu figo. Bi Zainabu alikuwa amemdunga saa mbili. Ilipofika saa nne, mashine ikaruka hadi kumi na kupiga kengele kwamba sindano nyingine imefika. Kioo kikajifunga. Kilibakisha kitufe kimoja tu, "Nimetoa", na pasipo kukibonyeza, hakuna faili la mgonjwa yeyote ambalo lingefunguka. Akanipigia simu.

"Bwana Athumani, mashine yaniambia nimdunge mwana tena, na nimemdunga kwa mkono wangu huu. Nikiandika urongo, daktari wa Amu ataona sindano mbili, ataisimamisha dawa. Nifungulie ndia, nipite."

Mkuu alikuwa kwenye meza ya pili. Nilipomweleza, akaniagiza nimwambie muuguzi abonyeze, rekodi tutaisafisha baadaye. Aliyasema hayo kwa upole wake ule ule, naye alikuwa hajawahi kukanyaga Siyu. Niliogopa, maana nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu nistaafu. Kisha nikalitaja neno la siri kwenye simu, herufi kwa herufi, Mkuu akinitazama.

"Hilo neno si lake," akasema.

"Mgonjwa ni wake," nikamjibu.

Kwa neno hilo Bi Zainabu akaifungua mipangilio, akaizima kengele, akairudisha saa yake, akaendelea na wagonjwa. Mtoto alidungwa saa kumi jioni kama ilivyopasa, na baadaye akarudi Chundwa mgongoni mwa mamake.

Mimi nilihamishiwa stoo ya mashine mbovu, nikakaa huko mpaka nikastaafu. Iliniuma, sitaficha. Lakini Mkuu naye alifunga safari hadi Siyu, akakaa na Bi Zainabu kutwa nzima, na aliporudi akaagiza kengele zote ziongezwe kitufe cha pili, "Subiri", na nafasi ya muuguzi kuandika sababu. Hakuniambia. Niliyasikia kwa Bi Zainabu.

Watu huniuliza upi ni bora, mfumo unaokuachia au unaokushika mkono. Simu yangu siku hizi hunikumbusha hata kunywa maji, na kwa umri huu sikatai kushikwa mkono. Ninachotaka ni mkono huo uachie nikisema niachie.

Juzi presha ilipanda nikalazwa. Kengele ikalia kando ya kitanda. Muuguzi, binti mdogo wa Pate, akakitazama kioo, kisha akautazama mkono wangu wenye plasta aliyoibandika mwenyewe. "Hii nishakupa, babu," akasema, akabonyeza "Subiri" na kuandika sababu. Nikamuuliza kitufe hicho kimetoka wapi.

Akanishangaa. "Kwani iko mashine isiyokuwa nacho?"